Neno Moja, Kazi Mbili: Nomino na Vitenzi vya Kiingereza Mbele ya Mfasiri wa Kiswahili

Mfasiri anayekuta maneno mawili ya Kiingereza, "water plants", yameandikwa peke yake juu ya kibao cha bustani hawezi kuendelea na kazi yake kabla ya kuuliza. Huenda kibao kinataja mimea ya majini. Huenda kinamwagiza mtunza bustani aimwagilie mimea maji. Neno la kwanza ni nomino katika maana moja na kitenzi katika nyingine, wala umbo lake halibadiliki.

Hali hiyo haikuenea hivyo tangu awali. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100 hivi, upendo uliitwa "lufu" na kupenda kuliitwa "lufian". Mwisho wa neno ndio uliotambulisha aina yake. Katika karne zilizofuata miisho hiyo ilififia katika matamshi, hatimaye ikatoweka, na maneno yote mawili yakawa "love". Mzigo wa kutambulisha aina ya neno ukabaki kwa mpangilio wa sentensi, na njia ikawa wazi kwa nomino nyingi kutumika kama vitenzi.

Kiswahili hubeba mzigo huo ndani ya neno lenyewe. Mzizi mmoja huzaa "imba", "wimbo" na "mwimbaji", na msikilizaji huvitofautisha hata bila sentensi. Nomino ya kigeni nayo mara nyingi huhitaji kitenzi cha wenyeji ili itaje tendo: nguo hupigwa pasi, viatu hupigwa brashi, na jamaa aliye mbali hupigiwa simu bila kuumia.

Hata hivyo, si kweli kwamba Kiswahili hakina maneno ya sura moja na kazi mbili. "Jibu", "hesabu" na "hukumu", yenye asili ya Kiarabu, ni nomino na pia ni mashina ya vitenzi. "Ripoti", iliyotoka Kiingereza, imefuata nyayo hizo. Kinachoyaokoa ni viambishi: jibu limechelewa, mwanafunzi amejibu. Palipo na amri tu ndipo kinga hiyo hukosekana. "Jibu" lililochapwa peke yake juu ya karatasi ya mtihani lina utata uleule wa kibao cha bustani.

Kwa mtunga kamusi, hatari kubwa zaidi ni kudhani kwamba maana ya nomino huhamia kwenye kitenzi bila kubadilika. "Table" ni meza. Lakini kikiwa kitenzi katika mikutano ya Uingereza, humaanisha kuwasilisha hoja ijadiliwe, na katika ile ya Marekani kuiweka kando isijadiliwe kwa wakati huo. Mfasiri wa kumbukumbu asiyeuliza kikao kilifanyika upande gani wa Atlantiki anaweza kuupindua uamuzi wa wajumbe wote kwa kitenzi kimoja.