Baiskeli, Nyati na Baa za Naivasha
Msomaji, ukiwa na miguu ya wastani tu, mzunguko wa Hell's Gate hautakushinda. Kodi baiskeli kando ya barabara ya Moi South Lake (jaribu breki kwanza!), kisha uingie kwa lango la Elsa. Katika mbuga hii iliyotengwa mwaka wa 1984, unaruhusiwa kupita kwa baiskeli katikati ya punda milia na twiga. Nyati mwachie njia. Mawingu yakitanda usishuke korongoni. Mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba mwaka wa 2012.

Utatokea Olkaria, kwenye mvuke, urudi kwa lami kando ya ziwa, ambako baa zinakungoja na bia baridi. Hapo ndipo penye hatari zaidi ya nyati. Malori ya maua hayamsubiri mlevi. Kunywa soda, bia ingoje mpaka baiskeli irudi kwa mwenyewe.