Je, Wajua Siri ya Chungu cha Mimea?

Je, wajua kwamba kokoto zile ambazo wapandaji wengi huzitandaza katika kitako cha chungu, kwa nia njema ya kuyatoa maji, ndizo zinazoyasogeza maji hayo karibu zaidi na mizizi? Jambo hili wataalamu wa udongo wamelithibitisha tangu zamani, lakini desturi ina nguvu kuliko hoja, na hata leo, katika nyua za Bunia na katika baraza za Mombasa, mtu anayetaka kupanda ua au mboga hutangulia kutafuta changarawe kabla hajatafuta udongo. Kosa hili lina udhuru wake, maana macho hushuhudia maji yakipita upesi kati ya mawe, na akili hukata shauri kwamba yatapita upesi vivyo hivyo chunguni.

Udongo laini una njia nyembamba zisizohesabika, na njia hizo huyashika maji kwa nguvu inayoshinda uzito wao wenyewe. Ndiyo maana maji hayakubali kutoka katika udongo na kuingia katika nafasi pana zilizoko kati ya kokoto mpaka udongo ulio juu ya kokoto hizo uwe umeshiba kabisa. Basi kila chungu, kiwe na matundu mazuri namna gani, hubaki na tabaka la udongo uliojaa maji kitakoni, na kina cha tabaka hilo hutegemea ulaini wa udongo, wala si urefu wa chombo. Atiaye kokoto chini halitoi tabaka hilo, bali hulipandisha juu na kuipunguzia mizizi makao.

Msomaji asiyesadiki na achukue sifongo ya kuoshea vyombo, ailoweshe maji, kisha ailaze juu ya kiganja mpaka iache kudondoka. Akiisha kuona kwamba haitoi tone tena, na aisimamishe kwa ubavu wake mrefu: ataona maji yakimiminika upya, ilhali sifongo ni ile ile na maji ni yale yale, ila kimo kimebadilika. Chombo kifupi, kama beseni au sufuria pana, hushikilia maji karibu na uso wake, na chombo kirefu huacha sehemu kubwa ya udongo wake ikipumua. Kwa hiyo mwenye kupanda katika beseni hana budi kuuchanganya udongo wake na mchanga mwingi na samadi iliyooza vyema, na mwenye kupanda katika chombo kirefu aweza kulegeza kidogo.

Maarifa haya yana thamani ya pekee katika mji wa Bunia, ulioko katika nyanda za Ituri, kiasi cha mita 1,275 juu ya usawa wa bahari, nyuzi moja na nusu tu kaskazini mwa Ikweta. Huko mvua hunyesha katika miezi mingi ya mwaka, na aghalabu huja alasiri kwa nguvu, ikiteremka kutoka mapaa ya mabati na kupiga chungu kilichowekwa chini ya mchirizi hata udongo ukatapakaa ukutani. Kisha kutoka Desemba hata Februari mbingu hujifunga, vumbi jekundu la barabara huyafunika majani, na maji huwa kitu cha kubebwa. Chungu cha Bunia, kwa hiyo, kina adui wawili wanaopokezana zamu, gharika na kiu, na anayekichagua inampasa kuwafikiria wote wawili kwa pamoja.

Dawa ya gharika ni nyepesi. Matundu yawe kadhaa, yenye upana wa kidole, na mengine yatobolewe ubavuni karibu na kitako, ili yasizibwe na ardhi. Kisha chombo kiinuliwe juu ya mawe matatu, kama mafiga, maji yapate pa kutokea. Kigae kimoja juu ya tundu chatosha kuuzuia udongo usitoke. Kokoto ziachwe barabarani. Udongo mwekundu wa nyanda zile, ukitiwa chunguni peke yake, hushindiliwa na mvua ukawa mgumu mithili ya tofali, kwa hiyo wapandaji wazoefu huchanganya mafungu matatu yaliyo sawa: moja la udongo huo, moja la mchanga wa mtoni, na moja la samadi kongwe ya mbuzi au ng'ombe.

Ama kuhusu kiu, mengi hutegemea kile ambacho chombo kimefinyangwa nacho. Chungu cha udongo uliochomwa bila kupakwa rangi hupitisha unyevu katika kuta zake, na unyevu ukifika nje hugeuka mvuke. Kila gramu ya maji igeukayo mvuke huchukua takriban jouli 2,400 za joto, ndiyo sababu mtungi wa maji ya kunywa hubaki baridi wakati wa adhuhuri, na ndiyo sababu pia mizizi iliyomo katika chungu cha namna hiyo haiungui. Lakini baridi hiyo hulipiwa kwa maji, na katika miezi ya ukavu chungu hicho hudai kunyweshwa asubuhi na jioni. Bidoni la manjano la lita 20, lililokatwa mdomo baada ya kupasuka, halipotezi kitu ubavuni mwake, kwa hiyo hustahimili siku za kiangazi. Bali wakati wa mvua hukawia kukauka, na jua kali hulidhoofisha hata likavunjika mkononi. Sufuria na debe la bati hupata joto upesi kuliko vyote, navyo hufaa kivulini tu.

Hapa pana hadhari isiyostahili kusahauliwa. Ituri ni nchi ya dhahabu tangu madini hayo yalipogunduliwa Kilo mwaka 1903, na wachimbaji wadogo wa siku hizi hutumia zebaki kuikusanya. Beseni lililokwisha kufanya kazi hiyo, au udongo uliochotwa mahali ilipofanyiwa, usipandwe kitu cha kuliwa hata kidogo. Kadhalika chombo kilichowekewa dawa ya wadudu, mafuta machakavu ya gari au asidi ya betri: hicho ni hasara hata kikipatikana bure.

Baada ya chombo, ukubwa. Watu wengi hudhani kwamba chungu chenye upana wa sentimita 30 ni mara mbili ya kile chenye sentimita 15, ilhali hesabu yasema mara nane, maadamu kimo nacho kimezidi kwa kadiri ile ile: kidogo huchukua lita mbili na nusu hivi, kikubwa lita 21, yaani zaidi kidogo ya bidoni zima. Na uso wa juu, ambako jua hunyonya maji, umeongezeka mara nne tu; basi chungu kikubwa kina akiba nyingi na mlango mdogo wa kuipoteza.

Ndipo tuje kwenye mimea yenyewe, na kanuni yake ni kuuliza mmea ulizaliwa wapi. Mfano mwema ni ua dogo la zambarau ambalo leo hupambia madirisha ya Ulaya na Marekani, nalo ni mzaliwa wa milima ya Usambara: Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, alilituma Ulaya, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia kwa heshima ya ukoo huo. Kwao, ua hili humea juu ya miamba yenye kivuli na ukungu, katika kiasi kidogo cha udongo kilichokwama penye ufa. Kwa hiyo chungu kidogo kwake si dhiki bali ni mazoea, na likitiwa katika chungu kikubwa huoza mizizi. Kinyume chake ni nyanya, ambayo asili yake ni magharibi ya Amerika ya Kusini, na ambayo katika shamba wazi hupeleka mizizi yake zaidi ya mita moja chini. Huyo mpe bidoni zima kwa shina moja, usimfungie ndani ya kopo la maziwa kisha ukamlaumu kwa kuzaa matunda yenye kidonda cheusi kitakoni, maana kidonda hicho ni alama ya maji yanayokuja na kukatika.

Kati ya hao wawili pana mboga za kila siku. Lengalenga hutosheka na kina cha sentimita 15, hupenda jua lote, na mwili wake unajua kutengeneza chakula kwa kutumia maji machache kuliko mboga nyingi; huwa tayari kukatwa kabla mwezi haujapita mbali, kisha huchipua tena. Kitunguu cha majani na mrehani hawana makuu. Pilipili katika lita kumi huzaa hata mwaka wa pili. Bali sombe, yaani majani ya mhogo, inayopendwa kuliko zote mezani, iachwe shambani, maana mhogo ni mti, na chungu hakitauridhisha.

Penye nafasi finyu kabisa, chombo bora ni gunia. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Kenya, mwaka 2008, bustani za gunia zilienea Kibera na vitongoji vingine vya Nairobi kwa msaada wa shirika la Solidarités International. Na pale Kigonze, kandokando ya Bunia, ambako familia zilizokimbia vita vijijini zimejenga vibanda vilivyokaribiana mno, mahali pa kusimamisha gunia moja hupatikana hata pasipo na tuta. Ustadi wake uko katikati: kopo lililotolewa vitako vyote viwili husimamishwa na kujazwa mawe, udongo hutiwa pembeni, kopo huvutwa juu, hujazwa tena, mpaka nguzo ya mawe ifike kileleni, kisha mbavu za gunia hutobolewa na kupandwa miche. Msomaji asione kwamba mawe haya yanakanusha yale yaliyonenwa juu ya kokoto, kwani maji hapa humiminwa moja kwa moja juu ya mawe, yakashuka, na kutoka penye nafasi pana kuingia penye njia nyembamba hayasiti kamwe. Yanayositasita ni yale yatakayo kurudi.

Mahali pa kuweka vyombo napo pana hesabu yake. Vitabu vya Ulaya humwambia mpandaji atafute ukuta wa kusini. Huko Bunia jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini tangu mwisho wa Machi hata karibu na katikati ya Septemba, kisha huhamia kusini. Maana yake ni kwamba ukuta wa kusini hupigwa na jua katika miezi ile ile ambayo mvua imekatika. Vyungu vya udongo na vihamishwe kaskazini mwa nyumba ifikapo Desemba; na upande wa mashariki, upatao jua la asubuhi kabla mawingu ya alasiri hayajakusanyika, huifaa mimea mingi mwaka mzima.

Mwenye chombo kikubwa aweza pia kufukia katikati yake kijungu kidogo cha udongo kisichotobolewa, akakijaza maji na kukifunika. Maji huvuja polepole kwa kadiri udongo unavyokauka. Hikima hii imeandikwa katika kitabu cha kilimo cha Mchina Fan Shengzhi, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Limebaki swali la mwenye fedha chache: anunue kimoja kikubwa au viwili vidogo? Mwaka 2012 Hendrik Poorter na wenzake walipima pamoja majaribio 65 ya vyungu, wakaona kwamba ukubwa ukizidi mara mbili, uzito wa mmea huongezeka kwa wastani wa asilimia 43. Basi viwili vidogo, kwa udongo ule ule, hutoa majani mengi kuliko kimoja kikubwa, na mpandaji wa lengalenga asidanganyike na ukubwa. Lakini vidogo viwili hukauka mapema, na kila tone litakalotiwa humo ni sharti libebwe kichwani kutoka bombani. Kwa hiyo wakati wa mvua na vitumike vidogo kwa wingi. Novemba inapokwisha, mboga zihamie katika vikubwa, na anayenunua chungu apime kwanza umbali wa maji kabla hajapima bei.