Bendi ilipiga au ilicheza?

Sentensi iliyonitia aibu ilikuwa fupi: "Bendi hiyo ilicheza mbele ya watu themanini katika ukumbi mdogo." Ilikuwamo katika tafsiri ya filamu ya hali halisi kuhusu bendi changa za Uingereza, nami nilikuwa nimeombwa kuihariri. Niliipitisha bila kusita. Baadaye nilimwonyesha kazi hiyo mzee mmoja wa Unguja, mpiga fidla wa taarabu kwa muda mrefu. Aliisoma, akanirudishia karatasi, kisha akauliza kwa upole: "Hawa wamecheza, mwanangu. Na muziki alipiga nani?"

Swali lake linastahili jibu la kina, kwa kuwa kosa hilo ninaliona kila mwaka katika kazi za wanafunzi wa tafsiri.

Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachotumika kwa mpira, karata, watoto wanaofurahi uani, mwigizaji jukwaani na mtu mwenye gitaa. Kiswahili kimezigawa shughuli hizo. Mpira, bao na karata huchezwa, tamthiliya huigizwa, ala za muziki hupigwa. Jozi inayobainisha jambo hili vizuri kuliko zote ni *kupiga ngoma* na *kucheza ngoma*. Anayepiga ngoma ana ngoma mbele yake, anayecheza yumo uwanjani akitumia miguu na kiuno. Hakuna mzawa wa lugha anayewachanganya watu hao wawili. Kwa hiyo msomaji anapokuta "bendi ilicheza", picha inayomjia kwanza ni ya watu wanaocheza dansi. Katika bendi za dansi za Dar es Salaam picha hiyo ina hata jina lake: wapo wapiga muziki, na wapo wanenguaji, ambao kazi yao ni kucheza jukwaani. Kumwita mpiga gitaa "mcheza gitaa" ni kumwondoa katika kundi la kwanza na kumsukuma kuelekea la pili, na wote wawili wana haki ya kutajwa kwa kazi zao.

Hata hivyo *kupiga* nacho kina masharti. Wanamuziki wenyewe husema "leo tunapiga Kinondoni", nao huelewana. Katika maandishi rasmi afadhali kutaja yambwa: "ilipiga muziki". Uangalifu zaidi unahitajika mtafsiri anapotaka kuwataja wasikilizaji. "Bendi iliwapiga watu themanini" ni habari ya polisi. "Iliwapigia watu themanini muziki" ndiyo sahihi, na tofauti yote imebebwa na kiambishi kidogo cha kutendea. Akisema "iliwachezesha", amesema jambo la tatu, kwamba watu waliinuka wakacheza. Hilo nalo huenda lilitokea, lakini matini chanzi haikulisema.

Magazeti hupenda *kutumbuiza*. Ni kitenzi kizuri chenye historia ya kubembeleza na kuliwaza kwa wimbo, nami sikikatai. Upungufu wake ni kwamba siku hizi mchekeshaji hutumbuiza, mwimbaji hutumbuiza, na mwanasarakasi pia. Panapohitajika kuonyesha kwamba ala zilipigwa mbele ya watu, kitenzi hicho peke yake hakitoshi.

Lipo pia suala la tukio lenyewe. Wanafunzi wengi huandika *tamasha*. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo katika Kiajemi likapata maana ya kutazama jambo la kupendeza. Kwetu limezoea ukubwa. Sauti za Busara, inayofanyika Zanzibar tangu mwaka 2004 ikiwa na wasanii wengi na siku kadhaa, ni tamasha. Bendi moja inayopiga usiku mmoja katika chumba kidogo imefanya *onyesho*. Katika mazungumzo mtu atasema *shoo*, na katika mazungumzo simlaumu.

Chumba chenyewe kina matata yake. Mfano ninaoupenda kuutumia darasani ni King Tut's Wah Wah Hut mjini Glasgow, Uskoti. Kinaingiza watu 300, nao husimama. Kiko ghorofani, juu ya baa, na ngazi za kupandia zimeandikwa majina ya bendi zilizowahi kupiga hapo. Hapo ndipo mwaka 1993 Alan McGee, mwenye kampuni ya Creation, alipowasikia Oasis na kuamua kuwapa mkataba. *Ukumbi mdogo* ni tafsiri sahihi, ila kwa msomaji wetu ukumbi huleta viti vilivyopangwa, pengine na meza kuu ya harusi. Maneno mawili zaidi, "juu ya baa", yanarekebisha picha yote. (Tukumbuke pia kwamba katika nyumba za pwani ukumbi ulikuwa sehemu ya mbele ya kupokelea wageni. Udogo si mgeni kwa neno hili.)

Limebaki neno gumu kuliko yote: *indi*. Ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea, na uhuru uliokusudiwa ulikuwa wa kibiashara. Orodha ya Uingereza ya mauzo ya muziki wa namna hiyo, iliyoanza mwaka 1980, ilitazama njia ambayo sahani ya santuri ilisambazwa. Mlio wake haukuhusika. Baadaye, hasa baada ya kaseti ya *C86* iliyotolewa na jarida la NME mwaka 1986 ikiwa na nyimbo 22, neno likaanza kutaja pia mtindo: magitaa yenye mlio mwembamba, sauti zisizotiwa madoido. Belle and Sebastian wa Glasgow wanakidhi maana zote mbili. Albamu yao ya kwanza, *Tigermilk*, ilitolewa mwaka 1996 na lebo ya chuo, Electric Honey, nakala 1,000 tu.

Je, tuseme "bendi huru"? Au "bendi binafsi"? Hapa historia yetu inaingilia. Tanzania ilikuwa na NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz, na JKT Kimulimuli. Bendi binafsi kwa maana hiyo ni ile isiyomilikiwa na taasisi ya umma. Msomaji wa Dar es Salaam mwenye umri wangu atadhani ndiyo inayozungumziwa. "Huru" nalo huacha swali: huru kutoka kwa nani? Kwa hiyo napendekeza *popu ya indi*, pamoja na maelezo mafupi linapotajwa mara ya kwanza. Anayeona haya kukopa akumbuke neno *Jazz* katika majina niliyotaja hapo juu: tulilikopa, tukalipa kazi ya kutaja bendi ya dansi, na hakuna aliyepotea njia.

Sitadai kwamba *kucheza* hakijasogea. Kitufe cha kuanzishia wimbo katika simu huandikwa "Cheza", na vijana wa Nairobi na Dar es Salaam husema "cheza huo wimbo". Kwa muziki uliorekodiwa naona matumizi hayo yameshaota mizizi. Kwa ala iliyo mkononi mwa mtu, nasahihisha bado.

Ile sentensi niliiandika upya hivi: "Bendi hiyo iliwapigia watu themanini muziki katika ukumbi mdogo." Na pale filamu ilipowatambulisha wanabendi mmoja mmoja, nilitumia majina ambayo wanamuziki wetu wanayo tangu zamani: mpiga gitaa la solo, mpiga gitaa la besi, mpiga kinanda, mpiga dramu.