Goma: Ukoko mweupe wa maji ya Ziwa Kivu waharibu mabirika na kumaliza sabuni

Wakaaji wengi wa Goma wanalijua jambo hili: birika la umeme likitumika miezi michache, chini yake panakuwa peupe kama pamepakwa chokaa. Pasi ya mvuke inaanza kutema vipande vyeupe juu ya shati. Sufuria ya kuchemshia maji ya kunywa nayo inashika ukoko usiotoka kwa kusugua. Mara nyingi lawama huenda kwa klorini inayotiwa ndani ya maji, ama kwa mchuuzi aliyeuza kifaa hicho. Lakini chanzo ni ziwa lenyewe.

Sehemu kubwa ya maji ambayo REGIDESO inasambaza mjini huvutwa kutoka Ziwa Kivu. Ziwa hilo, lenye kina cha mita 485 hivi, linapokea chini kabisa maji ya chemchemi ambayo yamepita ndani ya miamba ya volkano na kubeba chumvi zake. Ndiyo maana lita moja ya maji ya juu ya ziwa ina miligramu 80 hivi za magnezi, pamoja na kalsiamu kidogo. Wataalamu huita maji «magumu sana» yakiwa na zaidi ya miligramu 180 za chumvi za aina hiyo kwa lita, zikihesabiwa kama kalsiamu kabonati. Kwa hesabu hiyo, maji ya Kivu yanapita 300.

Ugumu huo si sumu. Shirika la Afya Duniani, OMS, halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za afya. Hasara iko kwenye mfuko.

Maji yanapochemka, chumvi hizo zinajitenga na kushika kwenye chuma. Ukoko huo haupitishi moto vizuri. Katika birika la umeme, rezistansi inapata moto kupita kiasi chini ya gamba lake, hadi siku moja inaungua. Katika tangi la kuoshea maji ya moto ni vilevile, tena ukoko unaziba mabomba polepole. Anayepika kwa makala naye analipa: sufuria yenye ukoko mnene inachelewa kuchemka, na mfuko wa makala unaisha mapema.

Sabuni ndiyo inayopotea zaidi. Magnezi inashikana na sabuni ya kipande kabla haijatoa povu, na kuacha utando wa kijivu juu ya maji. Anayefua anaongeza sabuni tena na tena, na nguo zikikauka zinakuwa ngumu. Sabuni ya unga ya kisasa inavumilia maji hayo vizuri zaidi.

Dawa ya ukoko haina gharama kubwa. Tia ndani ya birika siki, ile wengi huita vinegre, na maji kwa kipimo sawa, ama maji ya ndimu kadhaa. Pasha moto, chomoa waya, acha kwa saa moja, kisha mwaga na usuuze mara mbili. Chemsha maji safi mara moja na uyamwage kabla ya kutumia tena. Ukifanya hivyo kila mwezi, ukoko haupati nafasi ya kuwa mnene. Usiukwangue kwa kisu, na usichanganye kamwe siki na zhaveli, kwa sababu mchanganyiko huo unatoa gesi yenye sumu.

Kuchuja kwa kitambaa, ama kuacha maji yatulie usiku mzima, hakuondoi ugumu, kwa kuwa chumvi zimeyeyuka kabisa. Maji ya mvua ni laini na yanafaa kwa kufua na kwa pasi. Kuyanywa ni jambo lingine: moshi na majivu ya Nyiragongo vinaweza kuyatia floridi, ambayo ikizidi inaharibu meno ya watoto na mifupa. Kuchemsha hakuondoi floridi.

Hatari kubwa zaidi iko katika kosa la kuilaumu klorini. Haifanyi ukoko. Familia inayoiacha ili kulinda birika inafungua mlango kwa kipindupindu, ugonjwa usiohama Goma. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ulipoharibu tangi na mabomba ya maji, watu wengi walibaki bila maji ya robine, na hadi leo kuna familia zinazochota moja kwa moja ziwani kwa mabidoni.

Kwa maji hayo, subira ni ya lazima. pH ya Ziwa Kivu inafika 9 hivi, na katika maji ya namna hiyo klorini inafanya kazi polepole. Bidoni iliyotiwa klorini isinywewe hapo hapo: ingoje zaidi ya dakika 30. Asiye na klorini achemshe hadi maji yatokote vizuri, hata kama sufuria itashika ukoko. Ukoko unatoka kwa ndimu.