Mtoto Anayetokwa Jasho Akinyonya

Malindi, juu ya Lushoto, ukungu ukishuka asubuhi watoto hukohoa. Kwa hiyo mtoto mchanga anayehema haraka husemwa kapigwa na baridi, akafunikwa blanketi la pili. Mara nyingi ni kweli. Ila yupo mtoto ambaye kwake baridi inasingiziwa: anadaka titi kwa njaa, baada ya muda mfupi analiachia, anatweta, paji la uso limelowa jasho. Huyo asikilizwe moyo.

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya chini ndivyo visukumavyo damu: cha kulia huipeleka mapafuni, cha kushoto mwilini kote, kwa nguvu ya karibu mara tano ya mwenzake. Ukuta unaovitenga hukamilika mimba ikiwa na wiki nane hivi. Usipokamilika, tundu hubaki. Mzigo wa kuni haukulileta, wala jicho la jirani, na kumlaumu mama ni kumwonea.

Mkulima wa kabichi anaelewa upesi. Ukingo kati ya mfereji wa juu na wa chini ukitoboka, maji huteremka. Ndivyo damu iliyokwisha kupata hewa safi inavyovuka kulia na kurudishwa mapafuni. Mapafu yanajaa, moyo unachoka, na maziwa yote yanateketea katika kuhema. Uzito haupandi. Nimonia inarudi kila mara.

“Lakini alizaliwa mzima!” Ndiyo, na hapo wengi hupotea. Mapafu ya mtoto mchanga bado yana mgandamizo mkubwa unaoizuia damu kuvuka. Ukishuka, katika wiki za mwanzo, ndipo dalili huanza.

Si kila tundu la kutisha. Dogo hupiga kelele kubwa kwenye sikio la daktari, kama maji yapitayo penye mwanya finyu, na mengi ya aina hiyo hujifunga yenyewe. Kubwa laweza kuwa kimya. Likiachwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, mkondo ukageuka, damu isiyo na hewa ikaingia mwilini. Ulimi na fizi hugeuka bluu. Daktari Victor Eisenmenger alieleza hali hiyo mwaka 1897, na hadi leo, ikishafika hapo, kuliziba tundu ni hatari kuliko kuliacha.

Mwaka 1954, Marekani, daktari mpasuaji Walton Lillehei alipoziba tundu hili kwa mara ya kwanza, moyo na mapafu ya mzazi ndiyo yaliyomhudumia mtoto wakati wa upasuaji. Sasa mashine inafanya kazi hiyo, na hatuhitaji kwenda ng’ambo: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam tangu 2015.

Mama, shika kadi ya kliniki. Kama mstari wa uzito umelala na nimonia imerudi, teremka Lushoto mjini, umwambie daktari: “Naomba umsikilize mwanangu moyo.” Usingoje akue.