Kutafsiri Istilahi za Kijerumani za Magari ya Kijeshi na Ardhi Isiyopitika

Miongoni mwa matini za kiufundi zinazomsumbua mfasiri anayetoka Kijerumani kwenda Kiswahili ni zile zinazoeleza magari ya kijeshi na uwezo wake wa kupita mahali pasipo na barabara. Ugumu wenyewe haumo katika sarufi. Umo katika maneno marefu yaliyounganishwa, ambayo mengi yamebeba kipimo maalumu ndani yake. Dereva atakayesoma tafsiri yetu hatajali ufasaha wa lugha. Atataka kujua kama gari lake litatokea ng'ambo ya pili ya mto. Katika makala haya tutaangalia istilahi chache tu, hasa zile zinazopotoshwa na tafsiri sisisi.

Yafaa kukumbuka kwamba Kiswahili hakikurithi msamiati huu kutoka kwa Wajerumani. Maneno kama *shule* na *hela* yaliingia wakati wa utawala wao katika Afrika Mashariki, ambao ulihusisha pia Rwanda na Burundi. Lakini vifaru vilionekana vitani kwa mara ya kwanza mwaka 1916, vikiwa vya Waingereza huko Ufaransa, na Wajerumani waliingiza cha kwao, A7V, mwaka 1918. Wakati huo koloni lilikuwa limekwisha kuwaponyoka. Kwa hiyo mfasiri wa leo hana neno la zamani la kushikilia.

Tuanze na *Panzer*. Asili yake ni deraya, yaani vazi la chuma la askari wa kale, na hata gamba la kobe huitwa hivyo. Mfasiri mwenye haraka huandika "kifaru" kila anapolikuta neno hili. Hili si sahihi. *Spähpanzer Luchs*, lililotumiwa na jeshi la Ujerumani tangu 1975 hadi 2009, lilikuwa na magurudumu manane ya mpira na kazi yake ilikuwa upelelezi. Hilo ni gari la deraya la upelelezi, si kifaru. *Schützenpanzer* nalo hubeba askari wa miguu. Aidha, tukumbuke kwamba katika Kijerumani nomino kuu huja mwisho, ilhali kwetu hutangulia. Neno lazima lisomwe kutoka kulia.

Mtego mkubwa zaidi ni *Bergepanzer*. Mwanafunzi aliyejifunza kwamba *Berge* ni milima ataandika "kifaru cha milimani" bila wasiwasi wowote. Kumbe neno hili linatokana na kitenzi *bergen*, yaani kuokoa au kuopoa. Ni gari la deraya la kuvuta magari mengine yaliyokwama au kuharibika. Fikiria kikosi kilichozama katika tope kinachosoma orodha ya vifaa na kudhani kwamba gari hilo ni la kupandia vilima!

Majina ya wanyama yaachwe kama yalivyo. *Panther* na *Leopard* yote yangekuwa "Chui", na *Nashorn*, mzinga uliowekwa juu ya gari la minyororo lenye deraya nyembamba na lililo wazi juu, ungegeuka kuwa "Kifaru", jambo ambalo halikuwa hata kidogo.

Sasa tuingie ardhini. *Gelände* ni eneo la ardhi pamoja na umbo lake: mabonde, mawe, mchanga, matope. Hatuna neno moja linalolingana nalo, na sioni haja ya kulibuni. *Geländegängigkeit* linatosha kuitwa "uwezo wa kupita nje ya barabara".

Penye hatari hasa ni majini. *Waten* ni kupita majini huku miguu, au magurudumu, yakikanyaga chini. *Schwimmen* ni kwenda bila kugusa chini, na kwa Kijerumani kitenzi hicho hubeba kuogelea na kuelea pia. Sisi tuna "kuvuka", linalofaa kwa yote mawili pamoja na daraja na mashua. Basi tukiandika kwamba gari "linaweza kuvuka mto" hatujasema kitu. Luchs lilielea na kusukumwa na rafadha mbili za nyuma. Kifaru Leopard 2 hakielei kamwe. Vipimo vyake hutaja *Waten* hadi mita 1.2 bila matayarisho, *Tiefwaten* hadi mita 2.25, na *Unterwasserfahrt* hadi mita 4 kikiwa kimewekewa bomba la hewa, hali kikitambaa kwenye sakafu ya mto. Napendekeza "kupita majini", "kupita maji ya kina" na "kupita chini ya maji", na "kuelea" libaki kwa magari yanayoelea tu.

*Steigfähigkeit* ni uwezo wa kupanda mwinuko, nao hutolewa kwa asilimia. Asilimia 60 maana yake ni kupanda mita 60 kwa kila mita 100 za usawa, takribani digrii 31. Anayeandika "digrii 60" anampeleka dereva kwenye ukuta. Angalia pia nukta: kwa Kijerumani 1.200 kg ni kilo elfu moja na mia mbili. Msomaji wa Bujumbura aliyesoma hesabu kwa Kifaransa anaweza kulitambua hilo. Wa Kampala atadhani ni kilo moja na ushei.

*Kette* ni mnyororo, na mafundi wa mitambo ya barabara husema cheni. Kifaru Tiger, chenye tani zipatazo 57, kilikuwa na seti mbili: *Geländekette* yenye upana wa sentimita 72.5 kwa mapigano, na *Verladekette* ya sentimita 52 kwa kusafirishwa kwa reli, kwa sababu ile pana ilizidi nafasi iliyoruhusiwa njiani. Ukiandika "mnyororo wa kupakilia", msomaji ataona mnyororo wa kufungia mzigo. Heri "minyororo myembamba ya kusafiria kwa treni". Upana huo ndio unaopunguza *Bodendruck*, yaani shinikizo la gari juu ya ardhi, kama vile ubao unavyomsaidia mtu kukanyaga tope bila kudidimia.

Hali kadhalika *Schlammperiode*, iliyowakwamisha Wajerumani njiani kwenda Moscow mwezi Oktoba 1941, isiitwe masika. Huko matope huja mara mbili, kwa mvua za vuli ya Ulaya na tena theluji inapoyeyuka. "Majira ya matope" yanatosha. Kwa *Sumpf* tunalo "kinamasi". Wapo wanaopendelea "tingatinga", na kamusi zinawaunga mkono, lakini neno hilohilo ni trekta pia, na sidhani kuna fundi atakayeelewa akiambiwa kwamba tingatinga limekwama katika tingatinga.