Ujasiri wa Kusema Asante

Siku ya shule huanza kabla kengele ya kwanza haijagongwa. Mpishi huamka alfajiri akawasha moto wa uji. Mlinzi hufungua lango. Mtunza maabara hupanga vyupa na kukagua mizani. Bwenini, mwanafunzi mmoja humpa mwenzake kipande cha sabuni bila kuombwa mara ya pili. Wema wa namna hii ni mwingi hata hauonekani tena, kama hewa isivyoonekana ingawa ndiyo inayompa kila mtu uhai.

Wengi wa wanaotendewa wema huo huutambua mioyoni mwao. Kinachowashinda ni kuutamkia. Kwa nini neno fupi kama asante liwe zito ulimini, hata kwa kijana asiyeogopa kusimama mbele ya darasa zima akaeleza kanuni ya Archimedes? Swali hili, ambalo kwa karne nyingi lilikuwa la wahubiri na wazee wa malezi, siku hizi linachunguzwa pia na sayansi.

Chanzo cha shukrani

Mwaka 1971 mwanabiolojia wa Kimarekani, Robert Trivers, alichapisha maelezo juu ya jambo lililokuwa likiwasumbua wataalamu wa viumbe: imekuwaje kiumbe kimsaidie kingine kisicho ndugu yake wa damu, hali msaada huo unakigharimu? Alieleza kwamba msaada wa namna hiyo unaweza kudumu iwapo viumbe hao huishi pamoja kwa muda mrefu, hutambuana, na anayesaidiwa leo humsaidia mwenzake kesho. Kwa upande wa binadamu, Trivers aliihesabu hisia ya shukrani kuwa mojawapo ya mambo yanayosimamia mapatano hayo. Ndiyo maana shukrani huwa kubwa zaidi pale msaada ulipomgharimu sana mtoaji na kumfaa sana mpokeaji.

Mwaka 1984 Gerald Wilkinson alieleza mfano kutoka Costa Rica. Huko wako popo wanaoishi kwa kunywa damu ya wanyama, na popo asiyekula kwa muda wa saa 60 hivi hufa kwa njaa. Aliyerudi mtupu usiku hutapikiwa damu kidogo na mwenzake aliyeshiba, hasa yule ambaye wamezoeana naye kwa kukaa pamoja. Popo hana neno la shukrani. Hulipa tendo kwa tendo. Binadamu ana njia mbili, tendo na neno, na neno huwa na kazi kubwa hasa pale ambapo tendo haliwezekani. Mwanafunzi hawezi kumpikia mpishi wa shule uji wa mwaka mzima, wala mgonjwa aliyepona hawezi kumkesha muuguzi wake. Hapo neno ndilo malipo pekee aliyo nayo.

Hofu na kipimo chake

Mwaka 2018 wataalamu wawili wa saikolojia, Amit Kumar na Nicholas Epley, walitangaza matokeo ya majaribio waliyoyafanya Marekani. Washiriki waliombwa kumwandikia barua ya shukrani mtu aliyewahi kuwatendea wema. Kila mwandishi alikadiria jinsi mpokeaji atakavyojisikia: atashangaa kiasi gani, atafurahi kiasi gani, ataona haya kiasi gani. Kisha wapokeaji wenyewe waliulizwa.

Makadirio yalikosea kwa upande mmoja. Waandishi waliizidisha aibu ambayo wapokeaji wangeiona, na wakaipunguza furaha yao pamoja na mshangao wao. Sababu mojawapo iliyoonekana ni hii: mwandishi hujipima kwa ufasaha, akihofu kwamba maneno yake hayatatosha, mpokeaji hatazami sana ufasaha, bali hutazama upendo na nia njema iliyomo. Kwa hiyo, mtu anayenyamaza kwa kuhofia kukosa maneno mazuri anahofia mtihani ambao hakuna anayeusahihisha.

Kimya hicho kina hasara. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1988, vijana waliokuwa wakitunzwa katika makao maalumu walitembelewa na maofisa waliosimamia maslahi yao. Mwanzoni, katika wiki ya kawaida, asilimia 43 tu ya vijana walitembelewa. Makao yalipoanza kuwapelekea maofisa barua fupi za shukrani baada ya kila ziara, kiwango kilipanda kikafika karibu asilimia 80. Barua zilipokoma, kilishuka tena hadi karibu asilimia 50. Uchunguzi wa mahali pamoja hautoshi kuwa kanuni. Lakini unaonyesha kwamba hata mtu anayelipwa mshahara kwa kazi yake huhitaji kujua kama kazi hiyo imemfaa mtu.

Anayeshukuru naye hupata faida, ingawa yafaa faida hiyo isitiwe chumvi. Martin Seligman na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, waliwataka watu wamwandikie barua mtu ambaye hawajapata kumshukuru ipasavyo, kisha wampelekee wenyewe. Furaha ya walioshukuru iliongezeka sana, nayo ilionekana hata baada ya mwezi mmoja. Ilipopimwa baada ya miezi mitatu, haikuonekana tena. Shukrani, basi, haifanani na chanjo inayotolewa mara moja. Ni kama chakula, ambacho hurudiwa.

Je, ni desturi ya kigeni?

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili si la Wazungu, ambao husema asante hata kwa kupewa chumvi mezani. Swali hilo lina msingi. Mwaka 2018 Simeon Floyd na wenzake walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya kila siku katika lugha nane za mabara matano, Kiswahili kikiwa si mojawapo, bali Kisiwu cha Ghana kikiwamo. Kwa jumla, watu waliosaidiwa nyumbani na katika jamii zao walitamka shukrani takriban mara 1 katika kila mara 20. Wasemaji wa Kiingereza na Kiitaliano walizidi kidogo, lakini hata wao walinyamaza mara nyingi zaidi kuliko walivyoshukuru.

Kimya hicho si utovu wa adabu. Baina ya ndugu na majirani msaada huhesabiwa kuwa haki ya ujamaa, na zamu ya kulipa huja yenyewe. Tatizo huanza pale ambapo zamu hiyo haiji kamwe.

Kiswahili nacho hakikukosa zana za kazi hii. Neno asante limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni "umetenda vyema": linamtazama mtenda na tendo lake. Anayempita mtu kazini humwambia "pole na kazi", akikiri kwamba jasho lile limeonekana. Methali isemayo "Tenda wema nenda zako" humfunza mtenda wema asingojee malipo; haikumfunza aliyetendewa anyamaze.

Palipo na ugumu

Hata hivyo, hofu ya kushukuru haitokani na ndoto tupu. Mwanafunzi anayemsifu mwalimu wiki ya mitihani atadhaniwa anajipendekeza. Mkubwa anayemshukuru mdogo huogopa kwamba hadhi yake itapungua. Dawa yake ni kutaja tendo lenyewe badala ya kumwaga sifa, na kutofungasha ombi lolote ndani ya shukrani. "Mwalimu, yale maelezo ya pili uliyonipa baada ya kipindi ndiyo yaliyonifungua macho" ni kauli fupi, ya kweli, wala haiombi kitu.

Kuahirisha ni hatari zaidi ya kukosea maneno. Walimu huhamishwa, wapishi hustaafu, walinzi hufariki. Mara nyingi sifa za mtu hukusanywa na kusomwa katika wasifu wake siku ya maziko, zikasikiwa na kila mtu isipokuwa yeye.

Zoezi kwa madarasa

Mwalimu wa hisabati au wa uraia anaweza kuligeuza somo hili kuwa jaribio. Kila mwanafunzi anayependa achague mtu mmoja aliyemtendea wema wa kawaida, aandike barua ya mistari mitano, kisha akadirie kwa alama 0 hadi 10 aibu na furaha anazozitarajia kwa mpokeaji. Baada ya barua kufikishwa, wapokeaji walio tayari waandike alama zao kwenye karatasi isiyo na jina. Darasa litafute wastani wa kila upande, lichore grafu, na lijadili tofauti iliyopo. Asilazimishwe mtu yeyote, kwa maana shukrani ya amri si shukrani, na idadi ndogo ya watu isichukuliwe kuwa uthibitisho wa kisayansi. Barua zenyewe zisisahihishwe wala kupewa alama. Ziachwe mikononi mwa wale walioandikiwa.